Ndoa Ikipoa

SOMO LA MAISHA YA NYUMBANI

Tumezoea kusoma hapa habari za mbolea, za maji safi na za lishe ya watoto. Leo tunasoma habari ya jambo lisilopimwa kwa mizani wala kwa debe. Jambo hilo ni ndoa.

Hatutaanza na ndoa ya vita. Tunaanza na ndoa iliyopoa. Ni nyumba ambayo hakuna anayepiga kelele. Majirani huisifu na kusema, "Wale hawana ugomvi." Ni kweli, ugomvi hawana. Lakini mazungumzo nayo hawana.

Watu wa nyumba kama hiyo, ukiwauliza, husema hivi: "Tulikosea kuoana. Mwenzangu ni mtu wa namna nyingine kabisa." Je, ni kweli kwamba watu wasiofanana hawawezi kuishi pamoja vizuri? Tusome mfano huu, halafu tujadili. Majina tumeyatunga, lakini mambo yenyewe yamo vijijini mwetu. Ukiona yanafanana na ya nyumbani kwako, usikasirike. Endelea kusoma.

Nyumba ya Baba Kabula

Baba Kabula na Mama Kabula ni wakulima wa pamba upande wa Simiyu. Wameishi katika ndoa miaka 16. Baba zao ndio waliopatana. Wao wenyewe walikuwa wameonana mara mbili tu. Mahari ilikuwa ng'ombe 12.

Baba Kabula ni mtu wa kimya. Huamka kabla jogoo hajawika, akaenda zizini. Hapendi deni. Hapendi mgeni anayekaa mpaka usiku. Kila kitu hukihesabu. Furaha yake ni ng'ombe, na kila ng'ombe amempa jina.

Mama Kabula ni mtu wa watu. Akipita njiani lazima asimame mara tano. Kwenye msiba yeye ni wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Siku ya gulio huuza dagaa, na wateja humfuata kwa sababu ya maneno yake mazuri. Mtu akimwomba mkopo wa kisado cha dagaa, hampi jibu la hapana.

Unaona, msomaji? Mmoja anafunga mkono, mwingine anafungua. Mmoja anataka utulivu, mwingine anataka watu.

Hata hivyo, miaka ya kwanza walikaa vizuri. Jioni Baba Kabula alimwambia mkewe habari za zizini: fulani ana mimba, fulani amevunja kamba. Mama Kabula alicheka sana kusikia majina ya ng'ombe wale. Yeye naye alimwambia mumewe habari za gulioni. Walikuwa hawafanani, lakini walikuwa wanasikilizana.

Kisha yakatokea mambo mawili. Yote mawili yalikuwa madogo.

Jambo la kwanza

Siku moja walikwenda harusini. Watu wakakaa wakinywa na kupiga soga. Mama Kabula, kwa kuchangamka, akasema, "Mume wangu mimi huongea na ng'ombe kuliko anavyoongea na mke wake!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba Kabula naye akacheka.

Lakini moyoni aliumia. Tangu siku ile hakumwambia tena mkewe habari za zizini. Chakula akaanza kulia nje, peke yake. Mama Kabula hakujua sababu. Utani wenyewe alikwisha kuusahau. Akawaza, "Mume wangu amenichoka."

Jambo la pili

Mama Kabula alipoolewa hakujua kusoma. Mumewe alikuwa amemaliza darasa la saba. Kijijini kilipofunguliwa kisomo cha jioni, Mama Kabula akajiandikisha. Baba Kabula hakukataa. Alisema tu, "Nenda, lakini chakula kiwepo." Hakuuliza tena mkewe amefika wapi.

Mwaka ule waliuza pamba kwenye chama cha msingi. Baba Kabula alirudi akasema, "Zimetoka kilo 500." Siku ya pili Mama Kabula alikuwa akifua nguo. Katika mfuko wa shati akakuta stakabadhi. Zamani angeitupa, au angewashia moto. Safari hii aliifungua akasoma polepole, herufi kwa herufi. Akarudia mara ya pili ili awe na hakika.

Kilo 840.

Mama Kabula alikuwa amepalilia pamba ile akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa ameichuma kwa mikono yake mpaka vidole vikachubuka. Akakaa chini karibu na beseni. Hakumwuliza mumewe kitu. Alikunja ile stakabadhi, akaitia ndani ya kitabu chake cha kisomo.

Tangu siku hiyo na yeye akaanza kuficha. Faida ya dagaa akaipeleka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mumewe akimwuliza habari za biashara, alijibu, "Biashara mbaya."

Mtoto akawa simu

Kidogo kidogo nyumba ile ikapoa. Hakuna aliyepigana wala kutukana. Lakini maneno yakapita kwa mtoto.

"Kabula, mwambie baba yako maji ya kuoga tayari."

"Kabula, mwambie mama yako kesho ninakwenda mnadani."

Baba yupo hatua tatu kutoka kwa mama. Mama anamsikia baba kwa masikio yake. Lakini lazima Kabula asimame katikati arudie.

Kabula akamaliza darasa la saba, akafaulu. Akachaguliwa kwenda sekondari ya kata. Shule iko mbali, wanafunzi wa vijiji vya mbali hukaa hosteli. Tangu mwaka 2016, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali imeondolewa. Lakini sare, viatu, madaftari na vitu vya kulalia bado ni juu ya mzazi.

Kabula alichukua karatasi ya shule, akaenda zizini. Akamsomea baba yake: sare, viatu, madaftari, godoro, shuka mbili, ndoo.

Baba akasema, "Muulize mama yako mwenye biashara. Mimi sina."

Akaenda jikoni akamsomea mama yake. Mama akasema, "Muulize baba yako mwenye pamba. Mimi sina."

Kabula akaenda na kurudi mara tatu. Mara ya nne hakwenda. Alikunja ile karatasi, akaichomeka kwenye nyasi za paa.

Januari ikaingia, shule zikafunguliwa. Wenzake wakaondoka na magodoro yao kichwani. Kabula akabaki akichota maji. Jirani mmoja akaanza kupita pale jioni. Akaulizia ng'ombe wa Baba Kabula wanaendeleaje, halafu akaulizia binti naye ana umri gani sasa. Kabula alikuwa na miaka 14. Wasomaji wetu wanajua maswali ya namna hiyo yanaelekea wapi.

Shangazi anafika

Wiki ya tatu akafika dada yake Baba Kabula, kumpa pole ndugu mmoja aliyefiwa. Asubuhi ya Jumanne akamwona Kabula na ndoo.

"Wewe, mbona huko hapa? Shule imefungwa?"

"Haijafungwa, shangazi. Sina godoro."

Shangazi hakusema kitu mchana kutwa. Jioni, watoto walipokwisha kula, akamwita kaka yake na wifi yake. Akaweka vigoda vitatu. Kabula alipotaka kukaa karibu, shangazi akamwambia, "Wewe nenda kalale, mwanangu. Mtoto si simu. Leo watazungumza wenyewe."

Halafu akatoa masharti mawili. La kwanza: mmoja akisema, mwingine asimkatize. La pili: kabla ya kujibu, kwanza arudie aliyoyasikia, ili mwenzake ahakikishe kwamba amesikika.

Wakakaa kimya muda mrefu. Mwisho Mama Kabula akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitabu chake cha kisomo. Akatoa ile stakabadhi. Ilikuwa imeanza kuchakaa kwenye mikunjo.

"Kilo 840," akasema. "Wewe uliniambia 500."

Baba Kabula akaitazama ile karatasi, kisha akamtazama mkewe. "Kumbe ulisoma," akasema.

"Nilisoma, Baba Kabula. Nilikuwa nataka nikuonyeshe kuwa ninajua. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichosoma humu ndani mwetu."

Shangazi akamkumbusha kaka yake sharti la pili. Baba Kabula akarudia kwa shida: "Unasema nilikudanganya juu ya jasho lako." Halafu akaeleza. Fedha za kilo 340 alinunua mtamba, akamweka kwa mdogo wake kijiji cha pili. Aliogopa kwamba akizileta nyumbani mkewe angewakopesha wanawake wenzake. "Wewe huwezi kumnyima mtu," akasema. "Na mimi siwezi kukwambia kitu, kwa sababu utakwenda kunisema harusini watu wanicheke."

"Harusini? Harusi gani?"

Akamwambia. Mama Kabula akashika mdomo. "Miaka yote hii kwa sababu ya neno lile?"

"Kwako lilikuwa neno," akajibu mumewe.

Mama Kabula naye akarudia: "Unasema nilikuaibisha mbele za watu." Akanyamaza kidogo. "Nisamehe." Kisha akasema na yeye siri yake: kwenye kikundi alikuwa na akiba ya shilingi 180,000.

Shangazi akatikisa kichwa. Akasema, "Kumbe nyumba hii ina mali! Baba ana mtamba kwa mdogo wake, mama ana akiba kikundini. Maskini ni mtoto wenu peke yake."

Wiki ile ile godoro likanunuliwa. Kabula akafika shule akiwa amechelewa wiki tatu. Mwalimu alimpokea. Wenzake walikuwa mbele, ikambidi kuazima madaftari na kunakili usiku.

Je, wazazi wale wamebadilika kabisa? Hapana. Baba Kabula bado ni mtu wa kimya. Mama Kabula bado anasimama njiani mara tano. Siku nyingine bado wanaudhiana. Lakini Jumapili jioni baba hukaa na kigoda chake karibu na jiko, mama akipika. Wana daftari moja. Upande mmoja wanaandika yaliyoingia, upande mwingine yaliyotoka. Siku moja baba anaandika, siku nyingine mama.

Mtamba alirudishwa nyumbani. Siku aliyoletwa, Mama Kabula alisimama mlangoni mwa zizi akauliza, "Na huyu anaitwaje?"

Baba Kabula akamtajia jina.

Tunajifunza nini?

Ndugu msomaji, tutazame vizuri. Je, ndoa hii iliharibiwa na tofauti ya tabia? Sisi tunasema hapana. Walikuwa hawafanani tangu siku ya kwanza, na bado waliweza kucheka pamoja. Kilichoipoza ndoa ni maswali mawili ambayo hayakuulizwa. Mume hakusema, "Neno lile liliniumiza." Mke hakuuliza, "Mbona karatasi inasema 840?" Kila mmoja alijijibu mwenyewe moyoni, na jibu alilojipa lilikuwa baya kuliko ukweli.

Tena tuone jambo jingine. Tofauti zao zingeweza kuwa faida. Mtu wa kuhifadhi akikaa na mtu wa kuuza, nyumba hupata fedha na fedha hukaa. Lakini hilo haliwezekani kama anayehifadhi anamficha anayeuza. Wakifichana, kila mmoja analima shamba lake ndani ya nyumba moja, na watoto wanabaki bila mwenye kuwalimia.

Dalili za ndoa inayopoa

1. Mnaongea kwa kupitia watoto.
2. Mnaongea habari za kazi tu: kuni, maji, chumvi. Habari za moyo hakuna.
3. Kila mmoja ana mali ambayo mwenzake haijui.
4. Habari za mwenzako unazisikia kwa majirani.
5. Mwenzako akiingia, unapata sababu ya kutoka.
6. Unasema "huyu ndivyo alivyo", wala humwulizi tena.

Dalili moja si ugonjwa. Lakini ukiona tatu au nne nyumbani kwako, usingoje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tufanye nini?

Kwanza, chagueni wakati. Usianze maneno mazito mwenzako akiwa na njaa, akiwa amelewa, au akiwa mbele ya watu. Jioni baada ya chakula yafaa zaidi.

Pili, sema jambo moja. Usifungue gunia zima la miaka kumi. Sema, "Siku fulani ulifanya hivi, nami nikaumia." Usiseme, "Wewe siku zote uko hivyo." Neno la kwanza linajibika. Neno la pili ni tusi.

Tatu, rudia ulichosikia kabla ya kujibu. Hili ndilo sharti la shangazi. Linaonekana dogo, lakini mara nyingi tunajibu neno ambalo mwenzetu hakulisema.

Nne, andikeni mapato na matumizi. Wewe msomaji umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo si ya barua na mizani tu. Daftari moja la shilingi chache linaweza kuondoa mashaka ambayo maneno hayawezi kuyaondoa. Kama mmoja wenu hajui kusoma, msomee mwenzako kwa sauti, kisha mpeleke kisomo. Kusoma kwa mmoja kusiwe silaha ya kumdanganyia mwingine.

Tano, mwachie mwenzako alivyo. Mume mkimya hatageuka kuwa mcheshi kwa kulaumiwa. Mke anayependa watu hatageuka kwa kufungiwa ndani. Patane juu ya mambo yanayogusa nyumba nzima: fedha, watoto, kazi za shamba. Mengine vumilianeni.

Sita, mkishindwa, mwiteni mtu mapema. Awe mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, anayejua kutunza siri. Asiwe wa upande mmoja. Shangazi yule alikuwa dada wa mume, lakini alimsikiliza mke kwanza.

Sheria inasema nini?

Sasa tuseme wazi. Kupoa ni jambo moja, na kuonewa ni jambo jingine. Mambo tuliyoyasema hapo juu yanafaa pale ambapo wote wawili wako salama. Kama kuna kipigo, usiambiwe "vumilia, ndoa ndivyo ilivyo". Sivyo ilivyo.

Nchini Tanzania tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hii inasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari. Maana yake, mtu asilazimishwe. Kifungu cha 66 kinasema kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake kumwadhibu. Anayepigwa anaweza kwenda kituo cha polisi na kuuliza Dawati la Jinsia na Watoto. Anaweza pia kumwona ofisa wa ustawi wa jamii.

Kifungu cha 59 kinalinda nyumba ya familia. Mwenye nyumba hiyo haruhusiwi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo.

Je, wakishindwa kabisa kupatana? Sheria haiwapeleki mahakamani moja kwa moja. Kwanza waende kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mabaraza haya yamewekwa katika kata, na baadhi ya jumuiya za dini nazo zina mabaraza yao. Kama hujui la kwenu liko wapi, muulize Afisa Mtendaji wa Kata. Baraza huwasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa, hutoa cheti cha kuonyesha kwamba limeshindwa. Bila cheti hicho mahakama haipokei maombi ya talaka, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria, kwa mfano mwenzako amekutoroka na hajulikani alipo.

Wakiachana, mahakama inaweza kugawa mali waliyochuma pamoja. Hapo mchango wa kila mmoja huangaliwa: wa fedha, wa mali na wa kazi. Wengine husema, "Mke wangu hakuchangia, alikuwa nyumbani tu." Msemo huo umekwisha kukataliwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za mke za kutunza nyumba na familia nazo ni mchango.

Na habari ya Kabula? Tangu mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mzazi anayepokea ng'ombe kwa ajili ya mwanafunzi asidhani sheria haimwoni.

Neno la mwisho

Hatukuandika somo hili ili watu waende kuhesabu makosa ya wenzao. Tumeliandika kwa sababu nyumba nyingi zinakaa kimya, na ukimya huo tunauita amani. Kuuliza si ujinga. Leo jioni, kabla hujalala, muulize mwenzako swali moja ambalo hujamwuliza siku nyingi. Halafu unyamaze, umsikilize.

Na kama kuna karatasi uliyoificha ndani ya kitabu, itoe.

MANENO YA KUJIFUNZA

Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umeuza, umelipa au umepokea kitu.
Mtamba: ng'ombe jike ambaye hajazaa.
Kusuluhisha: kupatanisha watu waliokosana.
Ridhaa: kukubali kwa hiari yako.
Rehani: kitu kinachowekwa kama dhamana ya mkopo.

MASWALI YA KUJADILI

Someni habari hii kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kisha jadilini. Yafaa wanaume na wanawake wakae pamoja.

1. Mama Kabula aliposoma stakabadhi hakumwuliza mumewe. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kwa nini?
2. Baba Kabula alisema kwamba alificha fedha ili zisipotee. Je, sababu hiyo inatosha?
3. Utani wa harusini ulikuwa kosa au haukuwa kosa? Mume alipaswa kufanya nini siku ile?
4. Nani aliumia zaidi katika nyumba ile? Eleza.
5. Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata yenu liko wapi? Mchagueni mmoja wenu akaulize, alete jibu wiki ijayo.

ZOEZI LA KUANDIKA

Chukua daftari. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika "Yaliyoingia", kulia andika "Yaliyotoka". Wewe na mwenzako mwandike mapato na matumizi ya nyumbani kwenu ya wiki moja. Mwisho wa wiki jumlisheni pamoja. Hesabu hiyo si ya kumwonyesha mwalimu. Ni ya kwenu wawili.